Barua za Ijumaa kwa Siwema

Wanangu, mliponiletea salamu kwamba mnataka kuja kusikia habari za ualimu wa zamani, nilidhani mnataka mbinu za kusahihisha insha themanini bila kichwa kuuma. Hizo nitawapa, ni rahisi. Sahihisha ukiwa umeshiba. Usianze na daftari la mwanafunzi bora, utawaonea wengine wote. Na ukifika kwenye daftari la mtu aliyekuudhi asubuhi, liweke kando, kanywe maji kwanza. Lakini kwa kuwa mmekaa kibarazani kwangu na chai mmekunywa, mtasikia na ambalo hamkuliuliza.

Mie nilifundisha Kiingereza, lugha na fasihi, kwenye shule ya bweni ya wasichana nje ya Temeke, upande wa kwenda Mbagala. Siku hizo ukivuka nyumba za mwisho za Temeke unaingia kwenye mikorosho, na shule yetu ilikuwa humo ndani, na shamba lake la mihogo na banda lake la kuku, maana tulikuwa tunajitegemea. Nilifundisha kidato cha kwanza mpaka cha nne, kwa sababu walimu wa Kiingereza tulikuwa wawili tu. Wasichana waliniita Bi Pilipili. Walidhani sijui.

Mwalimu wa siasa alikuwa akinitania kila akiniona na vitabu vyangu. "Hidaya, bado unachuuza lugha ya mkoloni?" Nikamwambia mkoloni kaondoka na mizigo yake yote, lugha kaisahau mlangoni, sie tumeiokota, na cha kuokota si cha wizi. Akacheka. Alikuwa mtu mwema, ila mihogo yake ilioza kila mwaka.

Vitabu havikuwepo. Hadithi ya kusoma kidato cha tatu tulikuwa na nakala tatu kwa wasichana arobaini. Nikajiona mjanja, nikazichana zile nakala sura kwa sura, nikazishona kwa uzi wa katani, kila safu ya madawati nikaipa sura yake. Mwisho wa wiki safu ya nyuma walikuwa wameshamzika shujaa wa hadithi na wanamlilia, na safu ya mbele hawajui hata kama kazaliwa. Walipigana bwenini. Mwalimu Agnesi aliposikia hakunigombeza, alisema tu, "Sasa wafundishe kusimuliana." Na kweli, kusimuliana ndiko kuliwafundisha Kiingereza kuliko kile kitabu.

Huyo Mwalimu Agnesi ndiye alikuwa mkuu wa idara yetu, yaani mkubwa wangu. Mtu wa Masasi, Mkristo wa kusali kila alfajiri, mrefu, miwani yake kaifunga kwa kamba ya kiatu. Nilitoka chuoni nikijua kila kitu, yeye akanionyesha kwamba sijui. Aliniambia nisisahihishe makosa zaidi ya matatu kwenye insha moja. "Ukiujaza ukurasa wino mwekundu, mtoto hasomi tena. Anafunga daftari kama anavyofunika kidonda." Ushauri huo uchukueni, ni wa bure na haujawahi kuharibika.

Yeye ndiye pia aliyenipa wazo la barua, na barua ndiyo iliyonifikisha nilikofika.

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, wasichana waliandika barua kwa Kiingereza. Sharti moja tu: mwandikie mtu ambaye barua haiwezi kumfikia kwa posta. Bibi asiyejua kusoma, jogoo wa shule, mvua, yeyote. Jumamosi alasiri mie nakaa kibarazani kwenye nyumba yangu ya walimu, nachukua kalamu ya kijani, najibu kila barua kwa kujifanya yule aliyeandikiwa. Nyekundu ya makosa, kijani ya majibu. Mkaguzi mmoja alinung'unika kwamba napoteza wino wa taifa. Nikamwonyesha madaftari. Wasichana waliokuwa wakiandika mistari minne kwa kulazimishwa sasa walikuwa wanajaza kurasa mbili wakisubiri jibu.

Mpishi alipata barua tisa wiki moja, zote za maharage. Msichana mmoja mtundu akamruka mpishi, akamwandikia mdudu wa kwenye maharage. Nikajibu kwa niaba ya mdudu, kwamba ukoo wetu umeishi humu tangu kabla ya uhuru na hatuhami mpaka serikali itupe kijiji kipya. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa hesabu akaja kugonga mlango. Nilifurahi mno siku ile. Nilijiona nimeipata kazi.

Sasa, barua za Kiingereza tulizifundisha ziishe namna moja. Mwishoni unaandika kwamba unatarajia kumwona mwenzio karibuni. Ndivyo vitabu vilivyosema, ndivyo mtihani ulivyotaka. Niliiandika sentensi ile kama mtu anavyopiga chafya. Niliiandika kwa jogoo, kwa mvua, na kwa mdudu pia.

Kidato cha pili kulikuwa na msichana anaitwa Rehema. Kwao kijijini huko mbele ya Mbagala, Mzaramo, mtoto wa bibi yake, wazazi hawapo. Mkimya mno. Mwaka ule mie ndiyo nimeingia shuleni Januari, na miezi miwili ya kwanza sikuwahi kusikia sauti yake zaidi ya kuitikia jina. Barua zake zilikuwa mistari mitatu. Halafu Ijumaa moja akajaza kurasa nne.

Alianza, "Dada yangu mpendwa." Hakutaja jina. Akaeleza kwamba kitanda cha juu yake bado hakina mtu. Akauliza: huko ulipo kuna joto? Mnalala wangapi? Bibi hataki nikuulizie, nikikutaja anaondoka chumbani. Nikija nikuletee nini?

Nyie mngefikiri nini? Mie nilifikiri dada kaenda jeshini kujenga taifa, kambi ya porini posta isikofika, kama wasichana wengi waliomaliza shule. Nikafikiri bibi kakasirika mjukuu kuvaa suruali na kulala kambini. Ilikaa sawa kabisa. Nikafurahi kwamba mtoto kafungua mdomo, nikataka nimpe jibu zuri kuliko yote.

Nikaandika kwa kijani: Huku nilipo hakuna joto, niko kivulini mchana kutwa. Tumelala wengi, lakini hatusumbuani. Nimekuwekea nafasi ubavuni mwangu. Usilete kitu, njoo wewe tu. Natarajia kukuona karibuni.

Ilipofika sahihi nikakwama, maana jina la dada sikupewa. Nikaandika la kwanza lililonijia. Nikaandika Siwema.

Jumatatu nikawarudishia madaftari. Rehema alisoma, akasoma tena, kisha akaniangalia akatabasamu. Meno yake nilikuwa sijayaona. Moyo wangu ukajaa, nasema kweli. Nilirudi ofisini nikimwambia kila mtu kwamba yule bubu wa kidato cha pili nimemfungua.

Wiki ile Rehema akaanza kugawa vitu. Kitana kampa mwenzake. Sabuni, kipande kizima, na sabuni ilikuwa haionekani madukani, kampa mwingine. Blanketi kalikunja vizuri akaliweka kwenye kitanda cha msichana mdogo wa kidato cha kwanza. Matroni akanieleza. Nami kwa akili zangu nikamsimamisha Rehema mbele ya darasa, nikasema: mnamwona huyu, huyu ndiye mjamaa wa kweli, hana changu wala chako. Nikawaambia wampigie makofi. Wakampigia. Alisimama pale akitazama dirishani, na nikaona uso umemsawajika, nikadhani ni kazi za shamba.

Siku ya pili yake akasema anaumwa, akarudishwa kwao.

Mwalimu Agnesi alikuwa na kawaida ya kuchukua madaftari machache ya kila darasa ayapitie, aone tunavyosahihisha. Akalichukua la Rehema. Nilikuwa nimekaa mbele yake nakata chaki ndefu ziwe mbili mbili, maana chaki nazo zilikuwa za kugawana. Nikaona amesita kwenye ukurasa. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Hii nani kaandika?"

"Mie, dada. Si zile barua?"

"Siwema umemjulia wapi?"

"Simjui. Nilihitaji jina, nikabuni."

Akalifunga lile daftari, akaliweka mezani kifudifudi. "Hidaya, Siwema nilimfundisha mie. Kidato cha tatu. Alikuwa analala kitanda cha juu, mdogo wake cha chini. Aliugua mwaka jana karibu na mtihani wa mwisho wa mwaka, akapelekwa kwao, akafariki."

Chaki ilinivunjikia mkononi.

"Rehema alikuwa kwenye mtihani," akaendelea. "Unajua tunavyofanya. Mtoto akifiwa kwenye mtihani tunamficha mpaka amalize. Mie ndiye niliyesema asiambiwe. Alikaa wiki nzima anafanya mtihani, anacheka na wenzake, dada yake yuko ardhini. Alipofika kwao akakuta kaburi limeshakauka. Tukakubaliana walimu tusilitaje tena jina lile, asiumie. Ndiyo maana hukuambiwa."

Nikajiambia labda jina nililiona kwenye rejista ya zamani. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku ile. Ila rejista za miaka ya nyuma zilifungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao Agnesi shingoni, pamoja na msalaba wake.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, tukaenda wawili. Basi lilituacha lami ilipoishia, tukatembea kwenye mikorosho, jua kali, na hapakuwa na upepo hata kidogo. Nilikuwa nimebeba daftari la Rehema kwenye kikapu na kila hatua nilihisi lina uzito. Mie nilikuwa mtu wa fikra mpya, jueni hivyo. Nilikuwa nikiwaambia wasichana kwamba mizimu ni ujinga wa watu wasiokwenda shule.

"Hodi, wenyewe."

"Karibuni. Piteni." Bibi yake, Bi Kuruthumu, alikuwa mwembamba, kajifunga kanga mbili, hana haraka na mtu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nyie ndio walimu." Hakuuliza, alisema tu. Akatuwekea mkeka.

Rehema alikuwa amelala barazani, uso ukutani. Nikamshika mkono nikitarajia homa. Ulikuwa wa baridi, saa nne ya asubuhi, Dar es Salaam, mwezi wa tatu.

"Siku ya tatu leo hajala," bibi akasema. "Maji tu. Zahanati wamempima, wanasema mzima. Hasemi, halii. Kazi yake moja. Kila alfajiri anaamka, anachukua ufagio, anafagia pale, anarudi kulala."

Akaelekeza kwa kidevu. Ng'ambo ya uwanja, chini ya mkorosho, palikuwa na kaburi, kivuli kimelifunika lote. Majani makavu yametapakaa kila mahali, juu ya kaburi na kulizunguka. Ila ubavuni mwake, upande wa kulia, palikuwa na mahali pamefagiwa pakawa peupe, urefu wa mtu aliyelala, upana wa mtu aliyelala, na jani hata moja halikuwepo.

Niliogopa, nasema wazi, sijawahi kuogopa hivyo tena. Nilikuwa nimeandika kivuli. Nilikuwa nimeandika nafasi ubavuni. Nikakaa chini karibu na mtoto.

"Rehema mwanangu, sikiliza. Ile barua niliandika mie. Dada yako hakuandika. Nilikaa Jumamosi kibarazani kwangu nikaandika na kalamu hii, tazama. Sikujua kama amefariki. Nimekosa, nisamehe."

Akageuka. Macho yake yalikuwa matulivu kabisa, hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Najua ni wewe, mwalimu. Mwandiko ni wako."

"Basi inuka ule, mama."

"Jina nani alikwambia?"

Wanangu, mwalimu huwa hakosi jibu, hata la uongo, lakini pale niliirudisha kalamu kikapuni. Rehema akasubiri kidogo, kisha akarudi kutazama ukuta.

Bi Kuruthumu akavuta mkeka karibu. "Sie huku watoto tunawafundisha, ukisikia unaitwa na mwitaji humwoni, usiitike. Kaa kimya, subiri mpaka uitwe tena. Huyu hakuitwa kwa sauti. Kaitwa kwa karatasi, na karatasi kila ikifunguliwa inamwita upya. Kaitika."

"Basi tulichane daftari," nikasema.

"Ukichana barua ya mtu ndiyo umemjibu?" Aliniangalia kama ninavyowaangalia nyie. "Wewe uliyeandika, andika."

Mwalimu Agnesi alikuwa ameshika msalaba muda wote. Akaninong'oneza, "Andika kwa jina la Siwema. Mwambie asije. Mwambie nafasi hakuna."

Lilikuwa wazo la mwalimu, na lilikuwa zuri. Nikafungua daftari, nikatoa kalamu ya kijani, nikaanza, "Mdogo wangu mpendwa." Mkono ukasimama. Nilijiuliza, nikiandika tena kwa jina lake, safari hii nitakayoyaandika yatakuwa ya nani? Ya kwanza nilidhani ni yangu. Nikaufuta mstari ule, nikageuza ukurasa mpya.

Nikamwandikia Siwema mwenyewe, kwa jina langu. Kwa Kiingereza, maana ndicho nilichokuwa nikiwafundisha, na nilitaka Rehema asikie lugha ileile iliyomwita. Kisha nikasoma kwa sauti, kila sentensi nikiirudia kwa Kiswahili ili bibi asikie.

Nilisema: Siwema, mimi ni mwalimu mpya wa Kiingereza, hatukuonana. Nimetumia jina lako bila idhini na nimemwita mdogo wako bila kujua ninakomwita. Kosa ni langu, yeye hana kosa. Najua upweke wa mtu aliyeondoka katikati ya masomo. Najua hukuagwa. Kama unataka mtu wa kukuandikia, nitakuandikia mimi, kila Ijumaa, muda wote nitakaoishi. Nitakupa habari za shule yote. Lakini Rehema niachie.

Nilipomaliza, Bi Kuruthumu aliinuka. Alichukua ungo, akazoa majani makavu uwanjani, akaenda chini ya mkorosho akayamwaga pale palipofagiwa. Akarudi akazoa mengine. Safari ya tatu Rehema akakaa kitako kuangalia. Pale peupe palipofunikwa pote, usiweze kujua palikuwa wapi, alianza kulia.

Alilia kutoka saa tano mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa, na baada ya hapo akaendelea. Bibi akasema hajawahi kumwona analia tangu msiba, kwa sababu alipofika msiba ulishakwisha na watu wameshakula hitima. Mwalimu Agnesi alimkumbatia akawa anamwambia, "Mie ndiye niliyekuficha, mwanangu. Ni mie." Naye akalia. Mie nilikaa na daftari mapajani, nimechoka kama mtu aliyelima. Alasiri Rehema akanywa uji, kikombe kimoja, akaomba cha pili.

Baada ya siku kumi alirudi shuleni. Ile desturi ya kuficha msiba kwa sababu ya mtihani, Mwalimu Agnesi aliikataa hadi anastaafu. Aligombana na wakubwa kwa ajili hiyo. Nami nawaambia nyie, mtihani hurudiwa, mazishi hayarudiwi. Mtoto aambiwe, aende kwao, alie.

Na mie nikaanza kuandika. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, wasichana wakiandika zao nami naandika yangu. Nilimweleza Siwema habari za kidato cha nne kusahau maneno yao jukwaani mbele ya wageni. Nilimweleza mashairi tuliyosoma, nani kaelewa, nani kasinzia. Nilipoolewa nilimwandikia asubuhi ya harusi, mkono umepakwa hina. Siwema amesomeshwa fasihi kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye, na hajanichelewesha kazi hata siku moja.

Mtasema ni mazoea ya bibi kizee. Nilisema hivyo pia, mwaka uleule. Muhula wa pili malaria ilinishika, Ijumaa ikapita nimelala, sikuandika. Nikajiambia si kitu. Jumapili matroni akapita kunijulia hali, akataja kama jambo la kuchekesha kwamba Rehema kaamka alfajiri mbili mfululizo anafagia chini ya kitanda, kando ya ukuta, na palikuwa safi. Nikamwomba aniletee kalamu na karatasi nikiwa bado natetemeka. Tangu hapo sijakosa Ijumaa.

Rehema alimaliza shule, akasomea uuguzi, akazaa watoto wanne. Sasa ana wajukuu. Ile mikorosho ya kwao imekatwa yote, nyumba zimebanana mpaka kwenye kaburi, ila kaburi lipo, kalizungushia ukuta mwenyewe. Kila Ijumaa hunipigia simu au huja, na neno lake ni moja tangu akiwa na miaka kumi na minne: "Umeandika, mwalimu?" Ninamjibu nimeandika, tunaendelea na habari nyingine.

Lakini macho yangu mnayaona. Daktari anasema mtoto wa jicho kaliwahi moja, hili la pili linafuata, na kwa umri wangu hawataki kulipasua. Mkono nao unatetemeka. Ijumaa iliyopita Rehema alikuja na samaki, akakaa hapohapo mlipokaa nyie na beseni lake. Nikaona ni wakati wa kumwambia. Nimemlea Siwema wake zaidi ya miaka hamsini, na ukiwa mwalimu lazima ujue nani atapokea darasa lako.

"Rehema, mie siwezi tena. Kiingereza unakijua, na aliyekufa ni dada yako. Sasa mwandikie wewe."

Hakuinua macho. Aliendelea kupaa samaki, magamba yakamrukia mikononi.

"Mie nisimwandikie, mwalimu," akasema. "Akinijibu, nitakwenda."

Alisema taratibu, bila huzuni, kama mtu anayekuambia kwamba sukari haimfai. Ana miaka zaidi ya sitini, ana watu wanaomtegemea nyumba nzima. Nikaelewa kwamba miaka yote ile sikumponya. Nilimshika tu.

Basi nikamwambia anipe daftari. Niliandika kwa herufi kubwa, mistari mitatu, nikipapasa ukurasa kwa kidole nisipandishe mstari juu ya mwingine. Wa kwanza niliuona kidogo. Wa pili niliukisia. Wa tatu mkono ulikwenda wenyewe, kama mtu anavyopiga chafya, mrefu kuliko nilivyokusudia, na sikuona umeandika nini.

Nikamwomba Rehema anisomee. Alinawa mikono, akalichukua daftari, akasoma kimoyomoyo. Kisha akalifunga, akaliweka mezani kifudifudi, akaniuliza kama samaki wangu nataka wa kukaanga au wa nazi.